JINA LA BIDHAA NI MALI: LIANDIKISHWE KABLA YA KUVUKA MPAKA

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa fedha, ng'ombe na shehena za dukani. Lakini iko mali nyingine ambayo hupotea kwa urahisi zaidi kuliko hizo zote, kwa sababu haifungiwi kwa kufuli wala haihesabiwi jioni wakati wa kufunga mlango. Mali hiyo ni jina la bidhaa, mchoro ulio juu ya lebo, umbo la kikapu na siri ya mapishi. Mwizi wake havunji dirisha. Huandika tu karatasi katika ofisi fulani, na mwenye mali hupata habari wakati mambo yamekwisha kuharibika.

Katika miji na vijiji vya Uganda, akina mama na vijana wengi hujipatia riziki kwa kazi zinazoanzia nyumbani. Wako wasagao siagi ya karanga, wapakiao asali, wapikao sabuni, wasukao vikapu na mikeka, na watengenezao shanga za karatasi. Bidhaa hizo hazikai tena katika soko la kijiji. Hupakiwa katika mabasi ya kwenda Nairobi, Kigali na Juba, na vikapu na shanga hufika hata Ulaya na Marekani. Hilo ni jambo la kushangiliwa. Lakini mara nyingi bidhaa husafiri kabla jina lake halijaandikishwa popote, na hapo ndipo mtengenezaji anapojiwekea mtego mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwenye biashara ndogo mambo anayopaswa kuyajua juu ya mali yake ya ubunifu, hapa nyumbani na katika nchi za nje, na hatua anazoweza kuchukua bila ya kuwa tajiri.

HAKI TANO KATIKA CHUPA MOJA

Tuchukue chupa moja ya siagi ya karanga. Mnunuzi huona chakula tu, lakini sheria huona ndani yake haki za namna tano.

Ya kwanza ni alama ya biashara, yaani jina la bidhaa pamoja na nembo inayoitofautisha na bidhaa za watu wengine. Haki hii hupatikana kwa kuandikishwa, nayo yaweza kudumu daima mradi mwenyewe anaihuisha kila muda wake unapokwisha na anaendelea kuitumia. Alama iliyoandikishwa na kisha kuachwa bila kutumiwa kwa miaka mfululizo yaweza kufutwa.

Ya pili ni hakimiliki. Hii hulinda mchoro wa lebo, picha, maandishi, wimbo wa tangazo la redio na kazi nyingine za sanaa. Hakimiliki huanza pale kazi inapotungwa na kuwekwa katika hali ya kuonekana au kusikika. Hata hivyo mtunzi hana budi kutunza michoro yake ya kwanza ikiwa na tarehe, kwa sababu siku ya ugomvi mahakama itauliza nani alianza.

Ya tatu ni umbo la bidhaa. Ikiwa chupa yenyewe, kikapu au mkufu una sura mpya ambayo haijapata kuonekana, sura hiyo yaweza kuandikishwa.

Ya nne ni hataza. Fundi aliyebuni mashine mpya ya kumenya au kusaga karanga aweza kuomba hataza, ambayo humpa haki ya pekee kwa muda usiozidi miaka 20. Ikiwa uvumbuzi wake ni mdogo, kama vile kurekebisha chombo kilichokuwapo ili kifanye kazi vizuri zaidi, iko hati nyepesi zaidi kwa ajili ya ubunifu wa namna hiyo. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba hataza na umbo hutaka upya. Mtu akikipeleka chombo chake katika maonyesho ya biashara, kikapigwa picha na kusambazwa katika simu za watu kabla hajapeleka ombi lake, aweza kuambiwa kwamba kitu hicho si kipya tena. Ombi litangulie, maonyesho yafuate.

Ya tano ni siri ya biashara. Kiasi cha chumvi, muda wa kukaanga na namna ya kuchanganya haviandikishwi popote. Hulindwa kwa kufichwa. Juu ya jambo hili tutarudi baadaye.

Kati ya haki hizo zote, ile inayomhusu karibu kila mwenye biashara ndogo ni alama ya biashara. Si kila mtu amevumbua mashine, lakini kila auzaye kitu huuza kwa jina. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makala haya itahusu jina.

KUANDIKISHA BIASHARA SI KUANDIKISHA ALAMA

Wengi hudhani kwamba wakishapata cheti cha jina la biashara au cha kampuni, basi jina lililo juu ya bidhaa zao limelindwa. Sivyo. Cheti cha kampuni huonyesha kwamba kampuni ipo na jina lake limo katika daftari la kampuni. Hakimzuii jirani kubandika jina hilohilo juu ya chupa zake. Kumzuia jirani kwahitaji cheti cha alama ya biashara, ambacho huombwa peke yake, kwa fomu yake na ada yake.

Vilevile wako wanaochanganya alama ya biashara na alama ya ubora itolewayo na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Alama ya ubora humweleza mnunuzi kwamba bidhaa imepimwa na kufikia kiwango kilichowekwa. Haisemi neno lolote juu ya nani mwenye jina. Mtengenezaji ahitaji zote mbili, na moja haiwezi kusimama mahali pa nyingine.

Alama za biashara nchini huandikishwa na Idara ya Huduma za Uandikishaji ya Uganda, ijulikanayo kwa kifupi kama URSB, chini ya Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010. Makao yake yako Kampala, na inazo ofisi katika miji ya Mbarara, Mbale, Gulu na Arua.

NAMNA YA KUPATA CHETI

Hatua ya kwanza ni kuchagua jina linalofaa. Jina linaloeleza tu kitu chenyewe ni jina dhaifu. Mtu hawezi kuitwa mwenye maneno "Asali Tamu" kwa ajili ya asali, kwa kuwa kila muuza asali ana haki ya kusema asali yake ni tamu. Majina ya mahali nayo huleta matata, maana watu wote wa mahali hapo wana haki ya kuyataja. Bendera na nembo ya taifa haziruhusiwi. Jina lenye nguvu ni lile lililobuniwa, au neno la kawaida lililotumiwa kwa kitu kisichohusiana nalo.

Hatua ya pili ni upekuzi. Kabla ya kuchapa lebo elfu moja, mtengenezaji aombe daftari lipekuliwe ili ajue kama jina hilo au linalofanana nalo limekwisha kuandikishwa na mtu mwingine. Ada ya upekuzi ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kuchoma lebo zote.

Hatua ya tatu ni kupeleka ombi, likionyesha alama yenyewe na bidhaa zitakazoitumia. Msajili hulichunguza, na akiridhika alama hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mtu yeyote mwenye sababu ana siku 60 za kuweka pingamizi. Zikipita bila pingamizi, cheti hutolewa. Cheti hicho hudumu kwa miaka 7 ya kwanza, na baadaye huhuishwa kila baada ya miaka 10.

Katika kujaza ombi, mwenye biashara ataulizwa fungu la bidhaa zake. Nchi nyingi za dunia hutumia orodha moja yenye mafungu 45. Sabuni imo katika fungu la 3, nguo zilizoshonwa katika fungu la 25, siagi ya karanga katika fungu la 29, na asali na kahawa katika fungu la 30. Anayeandikisha jina kwa sabuni peke yake, kisha akaanza kuuza asali kwa jina hilohilo, ajue kwamba asali yake iko nje ya ulinzi huo.

Jambo hili la mafungu ndilo linaloeleza habari moja iliyowakasirisha wasemaji wengi wa Kiswahili. Kampuni ya filamu ya Disney ya Marekani iliomba mwaka 1994 kuandikisha maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya nguo, na mwaka 2003 ikapata cheti katika nchi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini kulalamika kwamba lugha yao imeporwa. Uchungu wao waeleweka, lakini kisheria cheti hicho hakikumzuia mtu yeyote wa Mombasa wala Jinja kusema maneno hayo, na wala hakikuwa na nguvu katika maduka ya Afrika ya Mashariki. Kilihusu nguo, na kilihusu Marekani. Hata hivyo mshonaji wa hapa kwetu ambaye angetaka kuuza Marekani fulana zilizoandikwa maneno hayo ya lugha yake, angekikuta cheti hicho kimemtangulia.

HAKI HUISHIA MPAKANI

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Cheti cha Kampala ni cha Uganda. Kikifika Busia au Malaba kinasimama, kama vile askari wa nchi moja asivyoweza kuvuka kwenda kukamata mtu katika nchi nyingine. Ingawa nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki zinafanya biashara pamoja, hakuna cheti kimoja cha Jumuiya kinachoilinda alama katika nchi zote. Kenya ina ofisi yake, KIPI, Nairobi. Tanzania Bara ina BRELA, Dar es Salaam, nayo Zanzibar ina daftari lake peke yake, hata cheti cha Dar es Salaam hakitoshi Unguja na Pemba. Rwanda hushughulikia jambo hili katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, Kigali.

Tena katika nchi nyingi, anayepewa kipaumbele ni yule aliyetangulia kupeleka ombi, si yule aliyetangulia kulitumia jina. China ni mfano mmoja unaofaa kukumbukwa na wafanyabiashara wetu, kwa maana wengi huagiza chupa, mifuko na lebo kutoka huko. Mwenye kuagiza vitu vyenye jina lake katika nchi ambayo hakuandikisha jina hilo huyaacha matunda ya kazi yake mikononi mwa mtu wa kwanza atakayeyatamani.

MAFUNZO YA KIKOI, CHAI NA KAHAWA

Haya si maneno ya kutisha watoto. Barani Afrika iko mifano ya kweli, na kila mmoja una fundisho lake.

Kikoi ni vazi linalojulikana katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuandikisha neno "Kikoy" kama alama yake katika nchi hiyo. Kama ombi hilo lingekubaliwa, wafumaji na wachuuzi wa Kenya wangeweza kuzuiwa kuuza vikoi Uingereza kwa jina la vikoi. Lakini watu waliokuwa macho waliliona tangazo. Shirika la Traidcraft la Uingereza, lililokuwa likisaidia wazalishaji wadogo, lilishirikiana na upande wa Kenya kuweka pingamizi, na ombi lile halikufaulu. Fundisho ni kwamba pingamizi likiwekwa kwa wakati wake huweza kumaliza jambo mapema, kabla ya kufika mahakamani.

Mambo yalikuwa mazito zaidi kwa wakulima wa rooibos, mmea wa Afrika ya Kusini unaotengenezwa chai nyekundu. Mwaka 1994 kampuni moja ya huko kwao iliandikisha neno "Rooibos" Marekani kama alama yake, na baadaye haki hiyo ikapita mikononi mwa kampuni ya Marekani. Tangu hapo wauzaji wengine wa chai hiyo walijikuta katika ugomvi wa miaka mingi juu ya jina ambalo kila mtu katika nchi yao hulitumia kuutaja mmea wenyewe. Ugomvi haukwisha ila mwaka 2005, kwa mapatano. Baada ya hapo Afrika ya Kusini ilijifunza kutangulia, na mwaka 2021 jina hilo likaingizwa katika daftari la Umoja wa Ulaya la bidhaa zenye asili ya mahali maalumu. Atazamaye mifano hii miwili ataona tofauti: jina linalotetewa kabla halijaandikwa hugharimu miezi, na linalotetewa baada ya kuandikwa hugharimu miaka.

Mfano wa tatu unatoka Ethiopia. Mwaka 2005 serikali ya nchi hiyo iliomba kuandikisha Marekani majina ya kahawa zake tatu mashuhuri, Harrar, Sidamo na Yirgacheffe. Lengo lilikuwa kwamba sifa ya majina hayo, ambayo wanywaji wa kahawa ughaibuni walikuwa tayari kuilipia bei kubwa, imnufaishe pia mkulima mdogo aliyeipanda. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kilipinga, kikidai kwamba hayo ni majina ya kuelezea namna ya kahawa tu. Ubishi ulikuwa mkubwa, na kampuni ya Starbucks ilikuwa katikati yake, hata mwezi Juni 2007 kampuni hiyo na serikali ya Ethiopia zikatia saini mapatano. Ethiopia haikudai ada kwa matumizi ya majina hayo. Ilichotaka ni wauzaji wakubali kwamba majina ni ya Ethiopia na wayatangaze hivyo.

Msomaji aweza kusema kwamba Ethiopia ni dola, naye ana chupa mia mbili tu. Ni kweli. Lakini hoja iliyowasimamisha mbele ya Wamarekani ndiyo hoja ya kila mtengenezaji: sifa ya bidhaa hukaa ndani ya jina, na anayelishika jina ndiye anayepanga bei.

WAKALA NA KALAMU YAKE

Hatari kubwa kwa mwenye biashara ndogo mara nyingi haitoki kwa kampuni ya mbali. Hutoka kwa rafiki wa karibu, yaani wakala anayemuuzia bidhaa katika nchi jirani.

Tuseme kikundi cha akina mama kumi kimepata mfanyabiashara mwema wa mji mwingine ng'ambo ya mpaka. Ananunua katoni 20 kila mwezi na analipa bila taabu. Mwaka wa pili anawaambia, "Dada zangu, msiwe na wasiwasi, mambo ya karatasi za huku niachieni mimi." Nao wanamshukuru. Anakwenda kuandikisha jina la bidhaa yao kwa jina lake. Mwaka wa tatu anataka bei ishushwe nusu. Wanapokataa na kumtafuta mnunuzi mwingine, katoni zao zinazuiwa, na wanaonyeshwa cheti: jina lile, katika nchi ile, ni la wakala. Akina mama kumi waliolijenga jina hilo kwa jasho lao sasa wanaitwa waigaji wa bidhaa yao wenyewe.

Sheria za kimataifa hazikuwasahau watu wa namna hiyo. Mapatano ya Paris ya kulinda mali za viwandani, yaliyofanywa kwanza mwaka 1883, humpa mwenye alama haki ya kupinga pale wakala wake anapoiandikisha bila idhini. Lakini haki hiyo hudaiwa kwa mawakili, nauli na ushahidi, vitu ambavyo kikundi kidogo hakina. Ni rahisi zaidi kutangulia kwa maneno machache yaliyoandikwa. Kila mapatano na wakala yaseme wazi mambo haya: kwamba jina na nembo ni mali ya mtengenezaji, kwamba wakala amepewa ruhusa ya kuuza tu, kwamba haruhusiwi kuandikisha jina hilo wala linalofanana nalo popote, na kwamba ushirikiano ukikoma ataacha kulitumia mara moja.

Na anayetiliwa saini karatasi asome kabla hajashika kalamu. Wimbo wa Solomon Linda wa Afrika ya Kusini uitwao "Mbube" ulirekodiwa mwaka 1939. Yeye alilipwa shilingi 10 na haki zikachukuliwa na kampuni ya santuri. Wimbo huo ulizunguka dunia nzima kwa maneno na majina mengine, ukaingiza mamilioni, naye akafariki maskini mwaka 1962. Warithi wake walifungua kesi mwaka 2004, wakitegemea sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911 iliyowarudishia warithi haki miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, na mwaka 2006 wakapata mapatano ya kulipwa. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita tangu wimbo ule uliporekodiwa.

NJIA ZA KWENDA NJE

Ziko njia tatu za kuilinda alama katika nchi za nje, na mwenye mfuko mdogo yampasa kuzipima kwa makini.

Njia ya kwanza ni kwenda moja kwa moja katika kila nchi inayohusika, kwa kawaida kwa kumtumia wakili au wakala wa alama wa huko. Katika njia hii Mapatano ya Paris yana msaada mkubwa. Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo katika mapatano hayo. Mtu aliyepeleka ombi la alama au la umbo nyumbani kwao ana miezi 6 ya kupeleka ombi hilohilo katika nchi nyingine mwanachama, na huko atahesabiwa kana kwamba alifika siku ileile aliyoanza nyumbani. Kwa hataza muda huo ni miezi 12. Kwa hiyo tarehe ya ombi la Kampala ni ya kutunzwa kama cheti cha kuzaliwa.

Njia ya pili ni kupitia Shirika la Mali ya Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare. Shirika hilo lilitokana na mapatano yaliyofanywa Lusaka mwaka 1976. Kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, mtu hupeleka ombi moja la hataza au la umbo akitaja nchi anazozitaka. Kwa alama za biashara iko Itifaki ya Banjul ya mwaka 1993, ambayo wanachama wake ni pamoja na Uganda, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Si nchi zote jirani zilizomo, na nguvu ya andikisho hilo hutegemea pia sheria za kila nchi. Kwa hiyo ni busara kuuliza kwanza juu ya nchi mahususi kabla ya kulipa ada.

Njia ya tatu ni utaratibu wa Madrid, unaosimamiwa na Shirika la Mali ya Ubunifu Duniani huko Geneva. Mfanyabiashara wa nchi mwanachama, kama vile Kenya na Rwanda, hupeleka ombi moja kupitia ofisi ya nchi yake na kutaja nchi nyingi kwa mara moja. Wale wenye kampuni tanzu au makao ya kazi katika nchi hizo waweza kuitumia njia hii.

Mwenye biashara ndogo hawezi kuandikisha dunia nzima, wala hahitaji. Aanze nyumbani. Kisha afuate nchi ambayo tayari anauza, halafu nchi ambayo bidhaa au vifungashio vyake vinatengenezwa, na mwisho nchi ambayo amepanga kweli kuuza mwaka ujao. Vikundi vyenye bidhaa ya namna moja vyaweza kuungana chini ya ushirika mmoja na kuandikisha alama ya pamoja, ili ada ambayo ingemlemea mmoja igawanywe kwa wengi.

SIRI YA JIKONI

Sasa turudi kwa siri ya biashara, mali ambayo bibi wa nyumbani huijua kuliko wakili. Sheria ya Uganda ya Kulinda Siri za Biashara ilitungwa mwaka 2009, lakini sheria hulinda siri ambayo mwenyewe ameilinda kwanza. Aliyewaonyesha wageni wote vipimo vyake, akavibandika ukutani na kuvituma kwa simu, hana siri tena ya kudai.

Yafaa basi vipimo viandikwe mara moja na kutunzwa mahali pa kufungwa. Kazi igawanywe, anayekaanga asiwe yule achanganyaye viungo. Wafanyakazi na mafundi watie saini karatasi fupi ya kuahidi kutunza siri, na mnunuzi mkubwa anayetaka "kuona tu jinsi mnavyofanya" atie saini hiyo pia kabla hajaingia. Kutia saini si kutukana ugeni. Mgeni mwema hataona vibaya, na anayekataa amekwisha kujitambulisha.

MTU AKIIGA

Ikiwa, pamoja na tahadhari zote, bidhaa ya kuiga imeonekana sokoni, jambo la kwanza ni kutokwenda kugombana hadharani. Nunua chupa moja au mbili za bidhaa hiyo, tunza stakabadhi, piga picha ya duka na uandike tarehe. Kisha peleka barua ya kumtaka mhusika aache, ukiambatisha nakala ya cheti. Waigaji wengi wadogo huacha hapo, kwa sababu walidhani hakuna mwenyewe. Asipoacha, malalamiko yaweza kupelekwa URSB, ambayo hushirikiana na polisi katika mambo ya bidhaa za kuiga, au kesi ifunguliwe mahakamani.

Hatua zote hizo husimama juu ya kitu kimoja, nacho ni cheti. Bila cheti, mtengenezaji itambidi athibitishe kwa mashahidi wengi kwamba watu wanalijua jina lake na wamedanganywa. Akiwa na cheti, anayetakiwa kujieleza ni yule mwingine.

Ndugu msomaji, chukua leo bidhaa yako moja uiweke mezani. Jiulize jina lile ni la nani katika daftari la Kampala, na ni la nani katika daftari la nchi unayouzia. Kama hujui jawabu, basi kazi ya wiki hii imepatikana: kwenda kuomba upekuzi, kuitafuta michoro ya kwanza na kuandika tarehe zake, na kuisoma upya ile karatasi uliyotiliana saini na wakala. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mikono iliyosuka kikapu na kusaga karanga inastahili kula matunda ya jina iliyolijenga, nayo haitayala ila jina hilo liwe limeandikwa kwa ajili yake, kwanza nyumbani, na kisha kila mahali ambapo bidhaa yake inashushwa kutoka garini.